Risasi Isivuke Kizingiti: Hotuba kwa Wavuvi na Mafundi wa Mombasa

Hii ni hotuba juu ya risasi, ile metali laini na nzito ya kusubia chubwi, yaani vizito vya kuzamishia mishipi na nyavu. Niliitoa hapa Mombasa mbele ya wavuvi, mafundi wa jua kali na jamaa zao. Wengi waliotaka kuja walikuwa baharini au kazini, kwa hivyo naiweka hapa nzima kama ilivyosemwa. Picha zilizoonyeshwa ukutani nimeziacha.

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Bwana asifiwe. Wazee wangu, manahodha, mafundi, kina mama, na nyinyi vijana mliosimama kule karibu na mlango, hamjambo?

Mimi ni fundi wa kusubu. Sehemu kubwa ya umri wangu nimeyeyusha metali na kuzimimina kwenye kalibu, na vijana wengi nimewafundisha kazi hiyo. Sikuja kumwambia mvuvi atupe chubwi zake, wala kumwambia fundi afunge banda lake. Najua mshipi usio na chubwi hauzami. Najua juya, wavu wa kukokota, halikai wima majini bila risasi kwenye kamba ya chini. Najua pia kwamba mtoto wa shule hula kwa kazi hizi. Nimekuja kuzungumza juu ya kitu kimoja tu: risasi ifanyiwe kazi mahali pake, na isivuke kizingiti cha nyumba. Isivuke kwa sufuria, isivuke kwa nguo, isivuke kwa mikono.

Nianze kwa swali. Hapa ndani, ni nani ambaye hajaona risasi ikiyeyushwa nyumbani kwao? Inueni mikono. Mwaona? Ni wachache mno. Na kwa nini iwe hivyo? Mbona hatuoni chuma kikiyeyushwa uani? Jawabu liko kwenye joto. Chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1,538 za Selsiasi. Shaba, nyuzi 1,085. Risasi ni nyuzi 327 tu. Jiko la makaa linalokaanga mahamri asubuhi laweza kuyeyusha risasi jioni. Haitaki mivukuto wala tanuri, wala haimtaki mhunzi. Yataka sufuria kuukuu, makaa ya shilingi chache na nusu saa. Chuma kimebaki kwa mhunzi, risasi imeingia jikoni. Wepesi huo ndio uliotuletea balaa, kwa sababu kitu chepesi kufanya hakuna anayekaa chini kufundishwa.

Na nitawaambia ni nani walikaa chini wakafundishana. Naomba niwapeleke mbali kidogo, Marekani.

Kuna watu huko ambao starehe yao ni kulenga shabaha za karatasi kwa bastola aina ya rivolva, na vichwa vya risasi wanavyovitumia huvisubu wenyewe. Aina moja huitwa wadikata. Kichwa cha kawaida kina ncha ya mviringo. Kikipita kwenye karatasi huirarua, tundu likabaki na kingo zilizochanika, na mwamuzi akashindwa kusema kama mstari umeguswa au haukuguswa. Wadikata haina ncha. Ni kipande cha mcheduara chenye uso bapa, upana wake mmoja kuanzia mbele hadi nyuma, na hukaa karibu chote ndani ya ganda linalobeba baruti. Kikigonga karatasi hukata tundu la duara safi, na ubishi unakwisha. Kwa rivolva ya kaliba, yaani kipimo cha upana, ya .38, kile kilichozoeleka kina greni 148, yaani karibu gramu 9.6. Kwa kaliba kubwa ya .44 kichwa kina upana wa karibu milimita 11, na uzito wake waweza kupita gramu 15. Mtu akisubu vichwa mia moja vya namna hiyo, amepitisha mikononi mwake zaidi ya kilo moja na nusu ya risasi.

Kabla sijaendelea, nisieleweke vibaya. Nchini Kenya, Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haimruhusu mtu kujitengenezea silaha wala risasi zake za bunduki kwa kujiamulia. Asitoke mtu hapa akasema mwalimu alitufundisha. Nazungumza juu ya watu hawa kwa sababu wao ni wasubuji wa risasi wa nyumbani kama nyinyi, wamefanya kazi hiyo kwa vizazi, wakaandika walichokiona, na kosa la mmoja likawa somo la wote. Hilo ndilo ninalowaonea wivu.

Waliona nini? Kwanza, waliona kwamba risasi ina adabu yake. Kichwa kinachokwenda kwa mwendo wa pole, chini ya mwendo wa sauti, hakihitaji risasi ngumu. Hutia bati kidogo ili risasi ifike mpaka kwenye pembe kali za kalibu, na antimoni kidogo ya kuikaza. Wakiikaza kupita kiasi, kichwa hakitanuki kuziba mtutu. Gesi ya moto hupenya kando yake, ikaiyeyusha risasi na kuipaka ndani ya mtutu. Kwa hivyo wanachanganya kwa kipimo, na wanapika kwa kipimajoto. Kipimajoto, ndugu zangu. Wengi wao humimina kwenye nyuzi kama 370 hadi 400, si zaidi sana.

Na sisi? Chubwi ikitoka na makunyanzi, twafanya nini? Twaongeza makaa. Twapepea. Twasema risasi haijaiva. Wale waligundua zamani kwamba makunyanzi ni dalili ya kalibu baridi. Risasi haina kosa. Ukiipasha kalibu moto pole pole kando ya jiko, ukazitoa chubwi nne au tano za kwanza ukazirudisha kwenye sufuria, ya sita itatoka nzuri. Ukiongeza makaa, unachoongeza ni lile ganda la kijivu linalotanda juu, na ukipita nyuzi 500 hivi unaanza kuongeza mafusho pia. Umejidhuru na chubwi bado ina makunyanzi. Fundi anayejua kazi hutumia moto mdogo kuliko fundi asiyejua. Nalirudia hili kwa vijana: fundi anayejua hutumia moto mdogo.

Pili, na hapa ndipo nilipotaka kufika. Wasubuji wale, kama sisi, waliogopa sufuria. Waliogopa moshi. Kisha damu zao zilipopimwa, uchunguzi ukaelekeza kwingine. Kwenye nyuzi za kawaida za kusubu, risasi haitoi mvuke mwingi. Risasi nyingi iliyowaingia ilitoka kwenye vumbi: lile ganda la kijivu waliloengua na kulimwaga kavu, masizi ya viwashio vya kuwashia baruti, ambavyo vingi vina mchanganyiko wa risasi ndani yake, mashine za kusugulia maganda yaliyokwisha pigwa, zinazotoa vumbi kila kifuniko kikifunguliwa, na vyumba vya kulengea shabaha visivyo na hewa ya kutosha. Vumbi likakaa kwenye vidole. Vidole vikashika sigara, vikashika mkate. Likakaa kwenye mikunjo ya suruali, suruali ikakaa kwenye kiti cha nyumbani, na mtoto akapanda kwenye kiti.

Ndipo walipoweka masharti, na leo mtu mzima kati yao akimwona mgeni anakula karibu na meza ya kazi humkemea. Hakuna chakula. Hakuna sigara. Nguo za kazi ni za kazi. Meza hufutwa kwa kitambaa kibichi, haipigwi ufagio. Mtoto na mja mzito hawaingii. Na damu hupimwa mara kwa mara, hata mtu akiwa anajiona mzima.

Jamani, sisi wa ufuoni tuna sharti gani? Mimi nimetembea sana kwenye madiko yetu ya kuteremshia samaki, na sharti nililolisikia mara nyingi ni moja: kunywa maziwa ukimaliza. Maziwa yanaosha kifua. Nani aliwahi kuambiwa hivyo? Wote. Basi nisikilizeni, kwa sababu imani hii inawapa watu ujasiri wasiostahili kuwa nao. Maziwa hayaoshi risasi. Ikishaingia mwilini maziwa hayaitoi. Ni kweli kwamba mtu anayekula vizuri, mwenye kalsiamu na madini ya chuma ya kutosha, tumbo lake hufyonza risasi kidogo kuliko la mwenye njaa, kwa hivyo mpeni mtoto dagaa, mpeni maharagwe, mpeni mchicha na maziwa. Lakini hiyo ni lishe. Isigeuzwe ruhusa ya kusubu sebuleni.

Sasa nigusie maji, nisije nikawatoa hapa bila kuyasema, ijapokuwa hili ni jambo la dakika moja kwa sababu linaonekana. Tone la maji likinaswa chini ya risasi iliyoyeyuka hugeuka mvuke papo hapo, na mvuke huo huchukua nafasi mara 1,600 hivi ya ile ya maji. Risasi iliyo juu yake huruka. Mzee mmoja wa ng'ambo ya Likoni, mvuvi wa mshipi aliyeheshimika, alitumbukiza kwenye sufuria ya moto chubwi kuukuu iliyookotwa ufuoni. Ilionekana kavu. Ndani ya tundu lake palikuwa na uzi uliokauka nje na bichi ndani. Risasi yote ilipaa, ikamwangukia mikononi na kifuani. Alipona, lakini kidole chake cha shahada hakikunyooka tena, na mvuvi wa mshipi hujua mengi kwa kidole hicho.

Basi risasi kuukuu iwekwe kwenye sufuria ikiwa baridi, ipate joto pamoja na sufuria, maji yatoke kabla haijayeyuka. Usiongeze kipande kwenye risasi iliyokwisha yeyuka mpaka umekiweka ukingoni mwa jiko kikakauka kabisa. Na wale mnaosubu kwenye mchanga wa ufuoni: mchanga huo juu ni mkavu, kina cha kidole kimoja chini yake ni bahari. Tumieni kalibu ya chuma au ya mbao ngumu iliyokauka. Vaeni miwani ya kazi, viatu vilivyofunika mguu, suruali ndefu. Kandambili si kiatu cha kazi hii.

Nimeliharakisha hilo kwa sababu moto wa risasi humchoma aliyeushika. Anaumia yeye, akalia yeye. Vumbi lake halifanyi hivyo. Vumbi la risasi humwacha fundi akitembea, likamwendea mtoto.

Tuingie mwilini kidogo. Risasi huudanganya mwili ukaidhania kuwa kalsiamu. Mwili unapojenga mfupa huichukua na kuiweka mfupani, pamoja na ile halali. Kwenye damu hukaa kwa wiki kadhaa, lakini mfupani hukaa miaka mingi, hata 20 na zaidi. Mwanamke aliyeila risasi akiwa msichana, siku atakapobeba mimba mwili wake utachota kalsiamu mfupani kumjenga mtoto, na risasi itatoka pamoja nayo, ivuke kondo la nyuma. Mtoto naye, kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, hufyonza mara 4 hadi 5 ya kiasi ambacho mtu mzima angefyonza kutoka kwenye kitu kile kile alichomeza. Ubongo wake ndio kwanza unajengwa. Anachopoteza hapo hakirudi. Na shirika hilo linasema wazi kwamba hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama.

Mtauliza: dalili zake ni zipi? Tumbo kusokota. Kukosa choo. Kupungukiwa damu. Mtoto kuwa na hasira, kuchelewa kusema, kushindwa kushika anachofundishwa. Ikizidi sana, degedege. Lakini tazameni dalili hizo. Ni mtoto gani wa pwani hajaumwa na tumbo? Ni yupi hajawahi kusemwa kuwa mvivu darasani? Huyo anayechapwa kwa sababu hashiki hesabu, nani amepima damu yake? Mara nyingi hakuna dalili kabisa. Hakuna njia ya kujua kwa macho. Ni kupima damu tu, na kipimo chenyewe lazima kiombwe kwa jina, kwa sababu kipimo cha malaria au cha wingi wa damu hakionyeshi risasi. Tangu mwaka wa 2021 mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba damu ikifika mikrogramu 5 kwa desilita, chanzo kitafutwe na kiondolewe.

Wala siwapi habari za nchi za mbali tu. Nani hapa anatoka upande wa Mikindani na Jomvu? Mnaijua Owino Uhuru. Mwaka wa 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilifunguliwa ukutani mwa makazi ya watu, karibu watu 3,000. Mwaka wa 2009 Phyllis Omido aliajiriwa hapo. Alikuwa ananyonyesha. Haukupita muda mrefu mtoto wake akaugua, homa haishi, dawa zikibadilishwa na hakuna kinachosaidia, mpaka alipopimwa risasi. Ikaonekana. Mtoto hakuwa akifanya kazi kiwandani. Mama yake ndiye aliyekuwa akifanya, kisha anarudi nyumbani.

Nataka mkae na jambo hilo kidogo. Yule mama hakushika sufuria ya kuyeyushia. Kazi yake ilikuwa ya ofisini. Hata hivyo risasi ilimpata mtoto.

Omido aliacha kazi, akaanza kuwapima wengine, akaandamana, akakamatwa, akaendelea. Kiwanda kilifungwa mwaka wa 2014. Mwaka wa 2015 alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi papa hapa Mombasa ikaamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Mwaka wa 2023 Mahakama ya Rufaa ikayatengua malipo hayo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikayarejesha. Hesabuni wenyewe: tangu moto wa kwanza kuwashwa mpaka neno la mwisho la majaji, miaka 17. Mtoto aliyezaliwa pale kiwanda kikifunguliwa alikuwa anakaribia kuchukua kitambulisho. Nawaheshimu sana watu wa Owino Uhuru kwa subira yao, na haki yao ni haki. Lakini nawauliza wazazi: ni mahakama gani itakayoiamuru risasi itoke mfupani?

Pengine mtu anajisemea moyoni, kile kilikuwa kiwanda, mimi nina karai moja tu. Basi nitawapeleka Senegali, kwa wavuvi wenzenu. Thiaroye-sur-Mer ni kitongoji cha Dakar, kando ya bahari. Wahunzi walikuwa wakipasua betri pale kwa mikono, mmoja mmoja, hakuna kiwanda. Miaka ikapita, vumbi likachanganyika na mchanga. Kisha bei ya risasi ikapanda duniani, wanunuzi wakaja, na watu wakaanza kuchekecha mchanga ule kuitafuta risasi iliyobaki, wengine wakaubeba magunia kwa magunia mpaka majumbani. Wengi wa waliochekecha walikuwa kina mama, na watoto migongoni mwao au wakicheza kando. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 walikufa. Kumi na wanane. Mwanzoni hakuna aliyejua kinachowaua.

Ndiyo maana juu ya betri sina la kupatana na mtu. Chubwi kuukuu, vipande vya kubalansi tairi, kamba ya risasi iliyotoka kwenye juya lililokufa, hizo ni risasi ngumu zilizokwisha kuwa metali, na fundi makini aweza kuzifanyia kazi nje kwa masharti. Betri ni kitu kingine. Ndani yake mna unga wa risasi uliokaa kwenye vibao vyake, na mna asidi ya salfa. Ukiipasua, huo unga ndio vumbi lenyewe, tayari limesagwa. Betri usipasue. Hata moja. Hata ile ya marehemu babu iliyokaa chini ya kitanda. Iuze nzima, na maji yake ndani, kwa mnunuzi mwenye leseni.

Haya, tufanyeje na hizo chubwi? Nitasema ninavyofanya mimi, nanyi mtaona.

Mahali ni nje, mbali na kisima, mbali na mahali watoto wanapocheza, na upepo uwe mgongoni. Wakati wa kusi nageukia kaskazini, wakati wa kaskazi nageukia kusini; baharia hafundishwi hilo. Sufuria ya risasi ni ya risasi mpaka ife. Naitoboa sikio lake ili yeyote akiishika ajue, na nailaza nje ya nyumba. Nimeona kwa macho yangu sufuria ya chubwi ikioshwa vizuri kwa mchanga na sabuni, ikapikiwa wali wa nazi. Mama aliyepika hakuambiwa. Upawa ni vivyo hivyo. Jiko ni vivyo hivyo.

Ganda la kijivu nikiliengua naliweka kwenye mkebe wenye kifuniko, likipoa nafunika. Silimwagi mchangani, silimwagi baharini, silipepeti. Kabla ya kuengua naweza kutia kipande cha nta ya mshumaa na kukoroga. Nta hutoa moshi na huweza kushika moto, kwa hivyo narudisha uso nyuma, lakini sehemu ya lile ganda hurudi kuwa risasi, vumbi likapungua na mali ikaongezeka. Barakoa ya kitambaa haizuii vumbi hili. Anayefanya kazi hii kila wiki anunue barakoa yenye vichujio vilivyoandikwa P100, vya kunasa vumbi laini, na kama pesa hazipo, apunguze kazi hii mpaka zipatikane.

Na mdomo. Wazee wangu, vijana wangu, mdomo! Nani hapa husubu huku anatafuna miraa? Nani anatia mkono kwenye karatasi ya muguka kwa vidole vile vile vilivyoshika chubwi? Mkono kinywani, mkono kwenye risasi, mkono kinywani, saa tatu nzima. Mtu huyo hana haja ya moshi, anaila kwa mkono wake. Na nyinyi mnaokaza chubwi ndogo kwenye mshipi kwa meno, na kuziweka shavuni mkiwa kwenye ngalawa ili zisipotee, nawaombeni sana, tafuteni koleo. Koleo ndogo haizidi bei ya kilo moja ya changu.

Kazi ikiisha, nguo nazivua nje. Nanawa kwa sabuni na maji yanayotiririka, hadi kwenye kiwiko, na kucha nazisugua. Ndipo naingia, ndipo nambeba mjukuu. Nguo hizo haziingii kwenye karai moja na nepi. Mahali nilipofanyia kazi napapangusa kwa tambara bichi. Ufagio mkavu hulirusha vumbi hewani likatua kwingine.

Kuhusu watoto sitazunguka. Mtoto atalia anataka kukaa na babake penye moto, anataka kuona risasi ikimeta. Mwacheni alie. Wazee walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Nyavu zenye kamba ya risasi zisiwe mahali pa kulaza mtoto mchana. Na kina mama, kwa kuwa nimefika hapo: wanja usiojulikana umetengenezwa na nini usimpake mtoto machoni, kwa sababu baadhi ya wanja na surma zinazouzwa husagwa kutoka kwenye jiwe lenye risasi. Najua ni mila na ni uzuri. Muulizeni muuzaji, na asipokuwa na jibu, muacheni na mali yake.

Tena si lazima kila chubwi iwe ya risasi. Wazee wetu walitumia mawe yaliyotobolewa. Leo nimewaona wavuvi wakifunga plagi kuukuu za pikipiki, na mshipi ukazama sawasawa. Vipande vya nondo vinazama. Saruji iliyomiminwa kwenye kikopo na kutiwa kitanzi cha waya inazama, na kwa wavu wa jarife wa kina kifupi yatosha kabisa. Risasi ni nzito kwa gramu 11.3 kwa kila sentimita moja ya ujazo, chuma ni 7.9, kwa hivyo chubwi ya chuma itakuwa kubwa kidogo na mkondo utaisukuma zaidi. Kwenye kina kirefu mtaona tofauti. Karibu na mwamba, ambako chubwi nyingi hukatika na kubaki huko huko chini, sioni sababu ya kupoteza risasi.

Nina maombi mawili kwa viongozi wa diko, na nayasema mbele ya watu ili yakumbukwe. La kwanza, tengeni mahali pamoja pa kusubia, penye sakafu ya saruji na paa la mabati lisilo na kuta, pawe na jiko, kalibu za chuma, kipimajoto, bomba la maji na sabuni, ili asiwepo mtu mwenye udhuru wa kusubu nyumbani. Kalibu chache nzuri zaweza kulihudumia diko zima. Kipimajoto nitakileta mimi. La pili, familia zote ambazo risasi imeyeyushwa ndani ya ua wao, watoto wa chini ya miaka 6 na kina mama waja wazito waandikwe majina, tuwapeleke kupimwa damu kwa pamoja. Mtu mmoja mmoja akienda ataambiwa arudi kesho. Tukienda na orodha, tutasikilizwa.

Daftari liko hapa mezani, na kalamu. Mimi nitakaa mpaka adhana ya Magharibi. Tuanze na maswali ya kina mama waliokaa upande wa kushoto, maana nimeona mama mmoja ameinua mkono tangu niliposema habari ya sufuria.